Hosea Tolliver na Shahidi Wake

Hosea Tolliver hakuwahi kumchekesha mtu jukwaani, wala hakutakiwa kumchekesha. Katika kila jozi ya wachekeshaji kuna mmoja anayeanguka, anayepoteza kofia na kujibu ovyo, na kuna mwingine anayesimama wima ndani ya suti iliyopigwa pasi na kuuliza maswali. Watu huja kumwona yule wa kwanza. Wa pili wakikutana naye barabarani kesho yake hawamjui. Hosea alikuwa huyo wa pili. Lakini muulize mpiga piano yeyote aliyekaa mbele ya jukwaa, kama nilivyokaa mimi kwa miaka kumi na sita, atakwambia kicheko hutoka kwa muulizaji. Akiuliza mapema kidogo, ukumbi unakaa kimya. Akichelewa, vilevile. Hosea alikuwa na saa kichwani ambayo sijapata kuiona kwa mtu mwingine, hata kwa wapiga ngoma.

Mimi naitwa Odessa Whitlock. Nilipiga piano katika bendi ya Elgin Purnell, pale Ukumbi wa Carver, Pennsylvania Avenue, mtaa wa watu weusi wa Baltimore, Marekani. Tulikuwa tisa, mwanamke mimi peke yangu. Tulipiga jazz yetu kwanza, kisha wacheza dansi, kisha mwimbaji, kisha wachekeshaji, halafu tunaanza tena. Onyesho la kwanza lilikuwa saa nane mchana, wakati ambapo wanawake waliokwisha kusugua ngazi zao za marumaru walikuja na vitambaa vyao bado kichwani.

Hosea alizaliwa North Carolina, kwenye tumbaku. Baba yake alitaka awe mchungaji wa kanisa. Sauti ya kichungaji alikuwa nayo, nzito na ya kutulia; imani ndiyo ilimpitia kando. Mwaka 1918, akiwa na miaka ishirini na moja, alifuatana na onyesho la hema lililopita mjini kwao, na humo akakutana na Lemuel Gadsden. Lemuel alikuwa mfupi, mnene, uso wa mviringo, mikono mifupi iliyokaa kama ya mtoto. Kila mtu alimwita Biskuti. Mwenye hema aliwatazama wakisimama pamoja kwenye foleni ya chakula, akaangua kicheko kabla hawajasema neno. Basi ikawa hivyo. Tangu siku hiyo waliitwa Tolliver na Biskuti, na hawakuachana tena.

Mke wa Biskuti, Verbena, mpishi wa nyumba ya tajiri mmoja upande wa kaskazini wa mji, alikuwa akisema, "Mimi mke mdogo. Mkubwa ni Hosea." Hosea mwenyewe hakuoa. Kila Jumapili alikula kwa Verbena, akakaa kiti kilekile, akamwita shemeji.

Mchezo wao mkubwa ulikuwa wa mahakamani. Hosea hakimu, Biskuti shahidi. Biskuti alijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, na kuzungusha weupe mdomoni, kama walivyofanya wachekeshaji wa zamani, kwanza wazungu waliotudhihaki sisi weusi, kisha sisi wenyewe. Vijana wa siku zile walikwisha kuanza kulichukia jambo hilo, na magazeti yetu yalilisema vibaya. Biskuti aliniambia mara moja kwamba bila masizi anahisi yuko uchi. Basi anapanda kizimbani, Hosea anamtazama kwa muda mrefu.

"Jina lako nani?"

"Nani anauliza?"

"Mahakama ndiyo inauliza."

"Iambie mahakama nimetoka kidogo."

"Ulimwona mshitakiwa akiiba koti?"

"Sikumwona akiiba, mheshimiwa. Nilimwona akilivaa."

"Ulijuaje kuwa si lake?"

"Lilimkaa vizuri."

Maneno yenyewe si kitu. Nimeyasikia mara elfu, na nilikuwa nikicheka bado, kwa sababu ya Biskuti alivyokuwa akijikunyata, na kwa sababu ya Hosea alivyokuwa akisubiri.

Machi mwaka 1938, katika onyesho la mchana, Biskuti alijibu swali la koti, kisha akarudi mwanzo. Akasema, "Iambie mahakama nimetoka kidogo," bila kuulizwa. Watu wakacheka. Hosea akamwuliza tena swali la koti, Biskuti akajibu, akarudi tena. Mara ya tatu Hosea akageukia ukumbi, akasema kwa ile sauti yake ya mimbari, "Mahakama inaona kuwa shahidi huyu anafuata barabara ya mviringo." Ukumbi ukalipuka. Pazia likashuka.

Elgin Purnell aliniinamia akiwa na saksafoni yake mapajani. "Biskuti kalewa?"

"Biskuti hanywi," nikasema.

Wiki mbili baadaye Hosea alinikuta nyuma ya jukwaa nikila samaki wa kukaanga ndani ya mkate. Akakaa karibu yangu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Dess, ukiona macho yake yamekwenda, nipigie kitu kidogo. Vidole viwili tu, kwenye sauti za juu za piano. Watu wafikiri ni sehemu ya mchezo. Itanipa nafasi ya kumrudisha."

"Anaumwa nini?"

"Amechoka."

"Mtu aliyechoka anasahau jina la mkewe? Jana aliniuliza yule mwanamke mwenye kofia ya buluu ni nani. Alikuwa Verbena."

"Nimekuomba vidole viwili, Dess. Mashauri sikukuomba."

Nikampa vidole viwili. Ninalisema hili mapema ili nisije nikaonekana kama mtu aliyekuwa akitazama tu. Nilikuwamo. Macho ya Biskuti yalipokuwa yakienda, nilipiga noti zangu mbili, tik-tik, kama mtu anayebisha dirishani, na Hosea alisema, "Shahidi arudi ndani tafadhali, mahakama inamsubiri." Ukumbi ulikuwa ukipiga miguu chini kwa kicheko. Baadaye hata kabla sijapiga walikuwa wakisubiri nipige.

Hosea akaanza kuandika upya mchezo mzima kuzunguka yale mashimo ya kumbukumbu zake Biskuti. Pale Biskuti aliposahau mara nyingi, aliweka swali ambalo jibu lake ni kusahau. Pale alipokuwa akirudia, aliweka karani wa mahakama wa kubuni, akawa anamwambia, "Karani, andika tena." Kila wiki mashimo yaliongezeka, na kila wiki Hosea alikuwa ameyawahi. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, na hakuna aliyejua kuwa inafanywa. Kabla ya mwaka kwisha, foleni ya Carver ilizunguka kona hadi kwenye duka la kinyozi. Watu walisema Biskuti amezaliwa upya uzeeni.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Verbena alikuja siku moja kabla ya onyesho la mchana, bado na aproni yake nyeupe ya kazini chini ya koti, akamkuta Hosea akijifunga tai mbele ya kioo.

"Shemeji, nimekuta viatu vyake ndani ya oveni. Nikamwuliza, akasema anavitengenezea mama yake. Mama yake amekufa tangu sijamjua."

"Usingizi humletea mambo," Hosea akasema.

"Haikuwa usingizi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hosea, mwache apumzike. Mimi nina kazi. Sisi hatutalala njaa."

"Akipumzika atafanya nini?"

"Atakaa."

"Jukwaani yuko sawa, shemeji. Ni hapo tu ndipo yuko sawa. Ukimwondoa hapo, utabaki na nini?"

Ilikuwa kweli, au nusu yake ilikuwa kweli. Biskuti aliletwa ukumbini akiburuta miguu, akiuliza tuko wapi. Lakini bendi ilipoanza, Elgin akivuta ile sauti ndefu ya kufungulia, mgongo wa Biskuti ulikuwa unanyooka. Alijipaka masizi mwenyewe bila kukosea. Aliingia jukwaani kwa mguu uleule wa kushoto, akajikwaa palepale. Mwili ulikuwa unakumbuka alichosahau mwenye mwili.

Juni mwaka 1939, siku ya joto kali, mlango wa nyuma uliachwa wazi kati ya onyesho la kwanza na la pili ili upepo uingie. Biskuti akatoka. Alitoka na masizi yake usoni, na mdomo mweupe, na lile koti lake la jukwaani lenye mikono mirefu. Tulipogundua, Hosea alikwisha kukimbia. Nikamfuata. Tuliuliza watu njiani, na kila tuliyemwuliza alikuwa amemwona na alikuwa anacheka.

Tulimkuta mitaa minane kutoka pale, ng'ambo ya ile barabara ambayo watu weusi hawakuivuka isipokuwa kwenda kazini. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya watu, ngazi mbichi, zimetoka kusuguliwa. Mwenye nyumba, mwanamke wa kizungu wa makamo, alikuwa amesimama juu yake na ndoo mkononi. Watu kama ishirini walikuwa wamemzunguka, wanaume wengi, wengine na chupa za bia. Walidhani ni tangazo la onyesho fulani. Walikuwa wakimwambia aimbe, acheze. Kijana mmoja alikuwa akimgonga kichwani kwa gazeti lililokunjwa kila asipocheza. Biskuti alikuwa amejikunja, ameshika magoti, na kicheko chao kilikuwa kimeanza kubadilika. Kicheko cha namna hiyo nakijua. Hukaa kidogo kikawa kitu kingine.

Hosea alisimama kwenye kona kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Nilimwona akivuta koti lake mbele, akinyoosha tai. Kisha akatembea hadi katikati ya watu wale, taratibu, kichwa juu, akasema kwa sauti ya hakimu:

"Shahidi, simama."

Biskuti akainua uso. Akasimama.

"Jina lako nani?"

"Nani anauliza?" Biskuti akasema.

"Mahakama ndiyo inauliza."

"Iambie mahakama nimetoka kidogo."

Wakacheka. Kijana mwenye gazeti akalishusha. Hosea akamwuliza la koti, Biskuti akajibu, wakacheka tena. Hosea hakumtazama mtu yeyote usoni isipokuwa Biskuti. Huku akiuliza alikuwa akirudi nyuma hatua moja moja, na Biskuti akimfuata, mpaka wakawa nje ya duara.

"Mahakama inahamia mtaa mwingine," Hosea akasema. "Shahidi, tangulia."

Watu wakapiga makofi. Mmoja akauliza onyesho liko wapi, Hosea akavua kofia akamwambia, "Hapa hapa, bwana, na limekwisha." Tukaondoka tukitembea. Hakuna aliyekimbia mpaka tulipovuka ile barabara. Hapo Hosea alishika nguzo ya taa, akatapika. Biskuti alikuwa akimpapasa mgongo, akimwambia, "Usijali, ndugu yangu. Walitupenda."

Saa kumi na moja walikuwa jukwaani tena.

Laiti lingeishia hapo, ningemkumbuka Hosea Tolliver kama mtu jasiri tu. Lakini Agosti alikuja wakala wa New York, Wendell Hargrove, mweusi mwenzetu, mwenye soksi za hariri na maneno machache. Alikaa safu ya tatu maonyesho mawili mfululizo. Kisha akaja nyuma akawapa wiki moja Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, katika ukumbi mkubwa, majina yao juu mlangoni kwa taa. Walikuwa wameisubiri wiki hiyo tangu wakilala ndani ya hema.

Verbena alikataa. Walizungumza jikoni kwake siku ya Jumapili, mimi nikiwa nimeshika sahani yangu ya kabichi nisijue niiweke wapi. Biskuti alikuwa dirishani akihesabu vifungo vya shati lake.

"Hajui hata choo kiko wapi, Hosea. Unampeleka New York?"

"Wiki moja, shemeji. Nitalala chumba kimoja naye. Nitamvalisha mwenyewe."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yake. Ndicho alichokitaka maisha yake yote."

"Mwulize basi. Mwulize kama anakitaka."

Hosea akamgeukia Biskuti. "Lem, twende New York?"

Biskuti akatabasamu. "Kuna nini huko?"

"Watu."

"Basi twende," akasema Biskuti.

Hosea akamtazama Verbena kana kwamba jambo limekwisha. Verbena akachukua sahani ya Hosea, ambayo bado ilikuwa na chakula, akaimwagia ndani ya ndoo. "Wewe uliuliza kwa sauti ya jukwaani," akamwambia. "Angekubali hata ungemwambia mwende kaburini."

Tulikwenda Oktoba. Hosea aliniomba kwa Elgin, kwa sababu bendi ya ule ukumbi isingejua vidole vyangu viwili. Ilikuwa bendi nzuri ajabu, wapiga tarumbeta wanne waliokuwa wakikata kama wembe, na mimi nilipewa kiti pembeni kwa ajili ya wachekeshaji tu. Siku tatu za kwanza zilikwenda salama. Hosea alikuwa amekonda. Alimlisha Biskuti kwa kijiko, akamvua, akamvika.

Siku ya nne, onyesho la mchana, Biskuti aliingia kwa mguu wa kushoto, akajikwaa, akapanda kizimbani. Hosea akamtazama kwa muda mrefu kama kawaida.

"Jina lako nani?"

Biskuti akanyamaza. Nikapiga noti zangu mbili. Macho yake yalitafuta, juu, chini, kwenye taa. Nikapiga tena. Kisha akasema polepole, kwa sauti yake ya nyumbani, si ile ya jukwaani:

"Sijui, bwana. Nisaidie. Sijui mimi ni nani."

Akaanza kulia. Machozi yalichora mistari kwenye masizi. Na ule ukumbi, watu elfu na mia tano, ukacheka kwa namna ambayo sijaisikia tena. Watu walianguka juu ya wenzao. Mpiga tarumbeta mbele yangu alifuta macho.

Nilimtazama Hosea. Nilijua atamfuata kizimbani, atamshika mkono, wataondoka. Niliondoa mikono kwenye piano, nikaiweka mapajani. Hosea alisimama wima. Alikuwa anasubiri. Ile saa kichwani mwake ilikuwa inafanya kazi. Alisubiri kicheko kikue, kifike juu, kianze kushuka, na pale hasa kilipoanza kushuka akasema:

"Karani, andika: shahidi hamjui shahidi."

Nilidhani dari litatuangukia.

Baadaye nilimkuta kwenye kile chumba chembamba nyuma, akimfuta Biskuti uso kwa kitambaa chenye mafuta. Biskuti alikuwa ametulia, anatazama mikono yake.

"Tusimamishe, Hosea. Umeona mwenyewe."

"Zimebaki siku tatu."

"Alikuwa analia kweli."

"Najua alikuwa analia kweli. Unadhani sijui?" Akakunja kitambaa, akatafuta upande safi. "Dess, miaka ishirini na moja nimekuwa nikisubiri sauti ile. Wewe ni mwanamuziki. Uliisikia?"

Niliisikia. Kesho yake nilikuwa kwenye kiti changu. Hosea aliliweka lile swali palepale, akamtazama Biskuti kwa muda mrefu zaidi, akamwuliza jina lake, na Biskuti akalia. Maonyesho matatu kwa siku, siku tatu. Alilia kila mara, na kila mara ilikuwa ni mara ya kwanza kwake. Gazeti moja liliandika kuwa machozi ya Biskuti ndiyo mbinu mpya kabisa ya uchekeshaji iliyoonekana mwaka huo. Hargrove alizungumza habari za wiki nne zaidi, na habari za sinema.

Hazikuwepo wiki nne. Tuliporudi Baltimore kwa treni, Biskuti alikojoa kwenye kiti akalala juu yake. Verbena alitukuta kituoni. Alimtazama mumewe, akamvua kofia, akamkagua kichwa kama mtu anayetafuta jeraha. Hosea akasema, "Shemeji," naye akamwambia, "Usiniite hivyo." Hakusema zaidi.

Biskuti hakupanda tena jukwaani. Majira ya baridi alianza kumpiga Verbena, kwa kutomjua, na mara mbili alitoka nje pekupeku kwenye theluji. Februari mwaka 1940 walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, ile ya watu weusi, nje ya mji. Daktari alisema ubongo unanyauka na hakuna dawa. Verbena alikwenda kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko. Hosea alikwenda Jumapili, wasikutane. Wakati mwingine nilifuatana naye, mwendo wa saa nzima kwa basi.

Biskuti hakumjua Hosea kama rafiki. Alichokumbuka ni hakimu. Tulipoingia tu alikuwa akisimama kando ya kitanda, mikono ubavuni, amevaa lile gauni la kijivu.

"Mheshimiwa, nimekwisha kusema yote niliyoyaona."

"Mimi ni Hosea, Lem. Hosea Tolliver. Tulikuwa pamoja kwenye hema."

"Ndiyo, mheshimiwa. Koti lilimkaa vizuri. Sijui zaidi. Wananiuliza kila siku na mimi sijui zaidi."

Hosea alijaribu kila kitu. Alikuja bila tai. Alikuja na pai ya viazi vitamu. Aliongea kwa sauti ndogo, nyembamba, ya kujilazimisha, ili ile ya jukwaani isisikike, na ilimpasuka katikati ya maneno. Biskuti aliendelea kusimama na kutetemeka mpaka Hosea alipoondoka. Wauguzi walimwambia Hosea kuwa siku za Jumapili mgonjwa halali vizuri.

Jumapili moja ya Novemba Hosea aliona hakuna njia nyingine. Alifunga vifungo vya koti, akasimama wima miguuni pa kitanda, akasema kwa sauti yake kamili, mpaka wagonjwa wengine wakageuka, "Shahidi Lemuel Gadsden. Mahakama imekusikiliza na imeridhika. Hutaulizwa tena. Uko huru kwenda zako."

Biskuti akatazama mlangoni, kisha kitanda chake.

"Niende wapi, mheshimiwa?" akauliza.

Hosea akafungua kifungo cha juu cha koti. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akikosa neno la kufuatia. Tulikwenda kituo cha basi, na tangu siku hiyo hakurudi tena hospitali.

Biskuti alikufa Januari mwaka 1941 kwa homa ya mapafu. Kanisa lilijaa, wacheza dansi, wapiga tarumbeta, wanawake wa onyesho la mchana. Hosea alifika na suti nyeusi iliyopigwa pasi. Verbena alikuwa mlangoni akipokea watu. Hosea alipomfikia, Verbena hakupaza sauti.

"Kaa nyuma," akamwambia.

Hosea akakaa safu ya mwisho, karibu na makoti.

Alipata watu wengi waliotaka kufanya naye kazi. Hargrove alimwandikia barua mbili. Hosea alikataa wote bila maelezo, akaenda kufanya kazi ya lifti katika duka kubwa la katikati ya mji, mojawapo ya yale ambamo mwanamke mweusi alikuwa haruhusiwi kujaribu kofia. Alivaa sare yenye vifungo vya shaba. Alitaja ghorofa kwa sauti ileile ya kichungaji: viatu vya kike, vyombo vya nyumbani, mapazia. Nilimsikia mara moja nilipopeleka kifurushi pale. Watu ndani ya lifti walitazama mbele. Hakuna aliyegeuka.

Vita vikaja vikaisha. Carver ikaanza kuonyesha sinema zaidi kuliko watu hai, bendi ya Elgin ikapungua ikabaki watu watano, kisha watatu kwenye baa. Mimi nilifundisha piano watoto wa kanisa. Mwaka 1951 Hosea alipata saratani ya koo. Alikuwa anaishi chumba kimoja Division Street, ghorofa ya tatu. Nilikuwa nikimpelekea chakula, na chakula kile hakikuwa changu. Verbena ndiye aliyekipika. Alikuja mlangoni kwangu na sufuria ya supu, imefunikwa kwa kitambaa.

"Mpelekee. Usimwambie imetoka kwangu."

"Atajua."

"Ajue mwenyewe. Wewe usimwambie."

Hosea alionja kijiko kimoja, akafumba macho. Hakuuliza. Kila Jumapili nilipeleka sufuria iliyojaa na kurudisha iliyooshwa, mpaka alipokuwa hawezi tena kumeza.

Karibu na mwisho sauti yake ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi tu. Ilinibidi niinamie mdomo wake. Siku moja alinishika kifundo cha mkono.

"Dess. Kile kicheko cha New York."

"Kiache, Hosea."

"Bado nakisikia. Kila siku." Akapumzika. "Na bado nakipenda. Huyo ndiye mimi. Nilitaka mtu mmoja ajue."

Nilikaa naye hadi giza lilipoingia. Mimi nami nakisikia.

Alikufa Mei. Kaburini tulikuwa sita pamoja na mchungaji. Mchungaji alipokuwa ameanza kusoma, nilimwona Verbena akija kati ya makaburi, amevaa aproni yake nyeupe ya kazini, ameomba ruhusa ya saa moja. Alisimama nyuma yetu, mikono imeshikana mbele. Baada ya udongo kurudishwa alinisogelea.

"Alisema kitu?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Alilala tu."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayepima kitambaa, akaitikia kwa kichwa. Tukatembea pamoja mpaka kituo cha tramu. Yake ilifika kwanza, akapanda kurudi kazini.